Bakuli la Mtoto wa Mbwa

Mtoto wa mbwa, au kilebu, huzaliwa haoni, hasikii, hana jino hata moja. German Shepherd, mbwa anayefugwa sana kwa ulinzi katika miji ya Afrika Mashariki, huzaliwa na uzito wa karibu nusu kilo, na kabla ya kutimiza mwaka na nusu huwa mbwa kamili, dume akifika kilo 30 au zaidi. Safari ambayo binadamu huimaliza kwa miaka 18, yeye huimaliza kwa miezi isiyofika hata hiyo 18. Kila gramu ya mfupa, msuli na ubongo inayoongezeka katika muda huo hutokana na alichokula. Mbwa mzima akilishwa vibaya kwa miezi miwili hukonda au hunenepa, kisha chakula kikirekebishwa naye hurudi katika hali yake. Kilebu akilishwa vibaya kwa miezi miwili hiyo hiyo anaweza kubaki na miguu iliyopinda maisha yake yote.

Katika nyumba nyingi mbwa hula kilichobaki: ugali uliolala, ukoko wa wali, mchuzi uliomwagwa juu yake, na mifupa. Mbwa mkubwa wa kienyeji anayezurura huweza kuishi hivyo kwa miaka mingi, kwa sababu chakula cha nyumbani ni sehemu tu ya mlo wake. Hukamata panya na wadudu, hula mizoga, hupekua jalala. Kilebu aliyefungiwa bandani au uani hana jalala la kupekua. Bakuli lake ndilo dunia yake yote, na kisichowekwa humo hatakipata kwingine.

Chakula cha kwanza ni maziwa ya mama. Ya siku ya kwanza, yaani dang'a, hubeba kinga dhidi ya maradhi, na utumbo wa kilebu huweza kuipokea kinga hiyo kwa takriban saa 24 tu baada ya kuzaliwa. Kilebu dhaifu anayesukumwa na wenzake asaidiwe kushika chuchu mapema, maana kesho yake mlango huo umeshafungwa. Maziwa ya mbwa yana protini na mafuta zaidi ya mara mbili ya maziwa ya ng'ombe, lakini sukari yake ya maziwa ni kidogo zaidi. Ndiyo sababu kilebu yatima anayenyweshwa maziwa ya ng'ombe hupata mambo mawili kwa pamoja: kuhara na kudumaa. Maziwa ya mbuzi hayana tofauti kubwa na ya ng'ombe kwa jambo hili. Kinachofaa ni maziwa ya unga yaliyotengenezwa mahsusi kwa watoto wa mbwa, yanayopatikana kwa madaktari wa mifugo. Naye mama anayenyonyesha asisahauliwe: akiwa na watoto wengi huweza kuhitaji mara mbili hadi tatu ya chakula chake cha kawaida, na kinachomfaa zaidi wakati huo ni chakula kile kile cha watoto wa mbwa.

Kuanzia wiki ya tatu au ya nne, meno ya maziwa yanapochomoza, vilebu huanza kuonjeshwa chakula kilicholowekwa kwa maji ya uvuguvugu hadi kikawa kama uji mzito. Maji hupunguzwa kidogo kidogo, na kufikia wiki ya saba au ya nane huwa wanakula vizuri bila kunyonya. Wengi huuzwa mapema mno, wakiwa na wiki nne au tano, kwa kuwa mwenye mbwa mama anataka kupunguza mzigo wa kulisha. Anayemchukua kilebu wa umri huo amechukua mtoto ambaye bado hajui kula sawasawa. Amwandalie uji huo wa chakula cha vilebu, wala asimkimbizie ugali.

Ili kuelewa kwa nini ugali hautoshi, inafaa kupiga hesabu. Kilebu wa miezi mitatu mwenye uzito wa kilo 10 huhitaji takriban kilokalori 900 kwa siku, na ndani yake kiasi cha gramu 50 za protini na gramu 2.7 za kalisiamu. Sembe robo kilo, ukiusonga, unatoa kilokalori hizo zote. Tumbo litajaa na kilebu atalala vizuri. Lakini protini iliyomo haizidi sana gramu 20, nayo ni protini isiyo na lisini ya kutosha, kimojawapo cha viini vya protini ambavyo mwili wa kilebu hauwezi kuvitengeneza wenyewe. Kalisiamu iliyomo haifiki hata gramu 0.05. Ubaya wa ugali hauko katika wanga wake, kwa kuwa mbwa, tofauti na mbwamwitu ambaye ndiye asili yake, amepata uwezo mkubwa wa kumeng'enya wanga uliopikwa tangu alipoanza kuishi na watu. Ubaya wake ni kwamba hujaza nafasi bila kuleta vifaa vya ujenzi.

Kuna mfugaji anayekwepa kosa hilo kwa kwenda upande wa pili. Amesikia kwamba mbwa ni mla nyama, basi humpa kilebu wake nyama tupu, steki na maini, kila siku. Nusu kilo ya nyama isiyo na mfupa ina protini zaidi ya gramu 100, kiasi cha kutosha na kuzidi. Kalisiamu yake, hata hivyo, ni karibu gramu 0.05 tu, ilhali fosforasi hufika karibu gramu 1. Mwili unataka madini haya mawili yakaribiane, kalisiamu ikizidi kidogo: kati ya moja kwa moja na mbili kwa moja. Katika nyama tupu fosforasi huizidi kalisiamu karibu mara 20. Damu haiwezi kukaa na upungufu wa kalisiamu, kwa sababu moyo na misuli huitegemea kila dakika, hivyo mwili huitoa mahali pekee ilipo nyingi, yaani mifupani. Mifupa hubaki myepesi kama mabua. Kilebu huanza kuchechemea, hukataa kucheza, na siku moja huvunjika mguu kwa kuruka kidaraja cha mlango. Ugonjwa huu huwapata watoto wa mbwa wanaopendwa na kugharamiwa, na ndiyo maana unahuzunisha zaidi. Maini yana hatari yake ya ziada: vitamini A iliyomo ni nyingi kiasi kwamba yakiwa mlo wa kila siku hugeuka sumu kwa mifupa na viungo. Kipande kidogo mara moja au mbili kwa wiki kinatosha.

Miguu ikianza kupinda, ushauri wa haraka mtaani ni kumwanika kilebu juani kama mtoto mchanga. Kwa binadamu ushauri huo una msingi, kwani ngozi yake hutengeneza vitamini D kwa mwanga wa jua. Ngozi ya mbwa haiwezi kuitengeneza kwa kiasi kinachotosha. Kilebu anaweza kushinda juani Dodoma au Garissa mwaka mzima na bado akapata matege ikiwa chakula chake hakina vitamini hiyo. Humjia kwa kuliwa tu: katika samaki, mayai, maini, na vyakula vya dukani vilivyoongezewa.

Ushauri wa pili wa haraka ni mbaya zaidi. Mfugaji huenda duka la dawa za mifugo akanunua kalisiamu ya unga au DCP ya ng'ombe, yaani unga wa kalisiamu na fosforasi, akaanza kuinyunyiza juu ya chakula cha dukani ambacho tayari kina kalisiamu yake iliyopimwa. Mbwa mzima anayepewa kalisiamu kupita kiasi huiacha ipite. Utumbo wake hujua kuikataa. Kilebu aliye chini ya miezi sita hana uwezo huo. Kinachoingia hufyonzwa kwa wingi, kikihitajika au kisihitajike. Katika miaka ya 1980 watafiti wa Chuo Kikuu cha Utrecht, Uholanzi, waliwalisha watoto wa mbwa wa Great Dane chakula chenye kalisiamu kiasi cha mara tatu ya inayotakiwa. Mifupa yao haikuwa imara zaidi. Gegedu za viungo ziliharibika, mifupa ikakua bila mpangilio, na miguu ikapinda. Kwa mbwa wa miili mikubwa, kalisiamu ya kuzidisha huharibu sawa na kalisiamu ya kupungua. Anayelisha chakula kamili cha vilebu asiongeze chochote cha mifupa, hata kijiko kimoja.

Wembamba wa wastani nao ni sehemu ya afya. Sifa ya kilebu mnene kama mtungi, anayeyumba akitembea, huwafurahisha wageni, lakini uzito huo hubebwa na mifupa ambayo bado ni laini. Huko Marekani Labrador 48 walifuatiliwa tangu utotoni hadi kufa, wawili wawili kutoka uzao mmoja: mmoja alikula kiasi cha kawaida, mwenzake akapewa robo pungufu kuanzia wiki ya nane. Matokeo yalichapishwa mwaka 2002. Waliopunguziwa waliishi kwa wastani wa kati wa miaka 13.0, wenzao miaka 11.2. Nyonga zao zilikuwa bora, na maumivu ya viungo yaliwafika wakiwa wamezeeka zaidi. Karibu miaka miwili ya maisha ilitokana na kupunguza kilichotiwa bakulini, na haikumgharimu mfugaji hata senti, bali ilimwokolea fedha.

Kipimo cha kila siku ni mkono wa mfugaji mwenyewe. Akipapasa mbavu za kilebu na kuhisi kama anapapasa mgongo wa kiganja chake kilichonyooshwa, yaani mifupa inasikika chini ya ngozi laini bila kujitokeza, hali ni nzuri. Zikisikika kama vifundo vya ngumi, amekonda. Zikisikika kama upande wa ndani wa kiganja, ambapo nyama imefunika kila kitu, amenenepa. Tumbo halifai kuwa kipimo, kwa sababu kilebu mwenye minyoo huwa na tumbo la ngoma na mbavu za kuhesabika kwa wakati mmoja. Minyoo hiyo humwingia akiwa bado tumboni mwa mama na kupitia maziwa, hivyo dawa huanza akiwa na wiki mbili, ikarudiwa kila baada ya wiki mbili hadi wiki ya nane, kisha kila mwezi hadi afikishe miezi sita. Bila dawa hiyo, chakula kizuri hununuliwa kwa faida ya minyoo.

Anayeweza kununua chakula cha dukani asome lebo kabla ya kutazama picha ya mbwa kwenye mfuko. Kwanza atafute maneno yanayosema kwamba ni chakula kamili kwa ukuaji, au kwa hatua zote za maisha. Kilichoandikwa kuwa ni cha mbwa wazima hakimfai kilebu: viwango vya Marekani, vinavyofuatwa na watengenezaji wengi, vinataka angalau asilimia 22.5 ya protini na asilimia 8.5 ya mafuta kwa anayekua, dhidi ya asilimia 18 na 5.5 kwa mzima, vyote vikipimwa baada ya kuondoa maji. Kalisiamu iwe angalau asilimia 1.2. Kwa mbwa watakaofikia kilo 32 na kuendelea, kama Rottweiler, Boerboel au German Shepherd dume aliyejaa, isizidi asilimia 1.8, na lebo nzuri husema wazi kama chakula hicho kinawafaa wakubwa au la.

Maji hupotosha macho. Kopo la chakula laini linaloonyesha protini asilimia 8 huonekana duni mbele ya mfuko mkavu unaoonyesha asilimia 24. Lakini kopo lina maji asilimia 78, kwa hiyo hizo 8 zimo ndani ya sehemu 22 tu za chakula chenyewe, sawa na asilimia 36. Mfuko mkavu una maji asilimia 10, na protini yake halisi ni takriban asilimia 27. Bei ya kulisha kwa siku ni jambo jingine, na hapo mfuko mkavu hushinda karibu kila mara.

Kununua kwa kupimiwa kutoka gunia lililofunguliwa ni kawaida ya wengi, na sababu yake inaeleweka. Hasara yake ni kwamba lebo hubaki dukani, mafuta ya chakula huchacha kwa hewa na joto, na hakuna ajuaye gunia lilifunguliwa lini. Mnunuzi aombe kuona gunia, asome tarehe, anuse, na achukue cha wiki moja au mbili tu, akihifadhi kwenye chombo chenye kifuniko.

Kwa asiyeweza kununua, chakula cha nyumbani kinawezekana, ila kinataka uangalifu kuliko wengi wanavyodhani. Msaada mkubwa zaidi katika eneo hili ni dagaa, ambao wakazi wa Kisumu huwaita omena. Samaki huyu huliwa mzima, kichwa na mifupa yake, kwa hiyo huleta protini, kalisiamu, fosforasi na vitamini D kwa mkupuo mmoja. Kiganja cha dagaa wakavu kina kalisiamu nyingi kuliko kilo nzima ya nyama. Wachaguliwe waliokaushwa bila chumvi, waoshwe mchanga, wachemshwe, kisha wachanganywe na ugali au wali usiozidi nusu ya bakuli, pamoja na utumbo uliopikwa, vichwa na miguu ya kuku iliyosagwa, au yai lililochemshwa, na mafuta kidogo ya kupikia. Boga au mchicha uliopikwa unaweza kuongezwa kwa kiasi. Pale ambapo protini yote ni nyama isiyo na mfupa, ganda la yai lililokaushwa na kusagwa laini huziba pengo: kijiko kimoja cha chai, bila kurundika, kina takriban gramu 2 za kalisiamu. Lakini asichanganye ganda la yai na dagaa wengi, wala na chakula cha dukani, kwa sababu iliyokwisha kuelezwa. Hata mlo huu ukipangwa vizuri, zinki, shaba, iodini na vitamini E huweza kupungua. Njia ya kati, inayofaa kwa kipato cha kawaida, ni kumpa chakula kamili cha vilebu kama msingi na kuongeza kidogo cha nyumbani, kisichozidi sehemu moja ya kumi.

Vitu kadhaa visiingie bakulini kabisa. Mifupa iliyopikwa, ya kuku hasa, hupasuka kuwa vijiti vyenye ncha vinavyotoboa utumbo. Vitunguu, vibichi au vya kwenye mchuzi, huharibu chembe nyekundu za damu, na kitunguu saumu ni vivyo hivyo. Chokoleti, zabibu mbichi na kavu, pombe, na peremende zisizo na sukari zenye zilitoli ni sumu. Kilebu huhitaji kiasi kidogo sana kudhurika. Karanga za makadamia, ambazo siku hizi zimejaa Murang'a na Meru, humlegeza miguu ya nyuma.

Kuna sumu moja inayostahili kusemwa kwa mkazo, kwa kuwa hutolewa kwa mbwa kwa makusudi bila nia mbaya. Mahindi yaliyoota ukungu hutengwa: haya hayafai watu, apewe mbwa. Ukungu huo hutengeneza sumukuvu, yaani aflatoksini, inayoua ini. Mwaka 2004 mahindi yenye sumu hiyo yaliwafanya waugue watu 317 katika mashariki ya Kenya, hasa Makueni na Kitui, na 125 wakafa. Mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika nayo kwa urahisi zaidi, na kuipika hakuiondoi. Unga usiofaa mtu haumfai mbwa, na kilebu ndiye wa kwanza kuanguka.

Utumbo, mapafu na maini kutoka machinjioni yasitolewe mabichi. Ndani yake huweza kuwa na malengelenge ya maji ya tegu anayekomaa ndani ya mbwa, kisha mayai yake hutoka na kinyesi na kumwingia mtu, hasa mtoto anayecheza na mbwa, na kumletea ugonjwa wa malengelenge kama hayo. Turkana imejulikana kwa miaka mingi kuwa moja ya sehemu zilizoathirika zaidi duniani kwa ugonjwa huo. Kuchemsha viungo hivyo kwa nusu saa au zaidi hukata mzunguko wake.

Kilebu hula mara nne kwa siku hadi miezi mitatu, mara tatu hadi miezi sita, baada ya hapo mara mbili. Aina ndogo sana za mbwa, kama Chihuahua, zisikae na njaa saa nyingi, kwa kuwa sukari ya damu hushuka ghafla na mtoto huzimia. Kilebu wa kilo 10 wa mfano uliotangulia angekula gramu 220 hadi 280 za chakula kikavu kwa siku, zikigawanywa. Lakini kipimo cha kwenye mfuko ni pa kuanzia tu, na mbavu ndizo zinazoamua kuongeza au kupunguza. Apimwe uzito kila wiki: mfugaji hupanda kwenye mizani akiwa amembeba, kisha hupanda peke yake na kutoa. Akibadilishiwa chakula, kipya kichanganywe na cha zamani kidogo kidogo kwa siku saba. Maji safi yawepo wakati wote. Akitapika na kuhara damu, usidhani ni chakula tu. Huenda ni ugonjwa wa virusi uitwao parvo, na saa chache zinaweza kumwokoa au kumpoteza, hivyo apelekwe kwa daktari wa mifugo bila kungoja.

Mbwa wadogo hukamilisha ukuaji wao kati ya miezi 9 na 12, wakubwa kati ya 12 na 18, na majitu kama Great Dane huweza kufika miezi 24. Hadi hapo waendelee na chakula cha ukuaji. Mfugaji ambaye mfuko wake hauruhusu kununua chakula kamili kwa muda huo wote, basi fedha alizonazo aziweke katika miezi sita ya kwanza. Ugali na mabaki ya mezani vinaweza kusubiri. Mifupa ya kilebu haisubiri.